Kazi ya Mama: Hana

Fomu ya skuli ya mama yangu ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na kwenye mikunjo imeanza kuachana. Iliandikwa mwaka 1975, alipoingia darasa la kwanza. Jina la mwanafunzi. Jina la baba. Kazi ya baba: hamali, bandarini. Jina la mama. Kazi ya mama: hana.

Neno hilo limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefunzwa na walimu wakali. Sidhani kama karani alikusudia ubaya. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Aliyemjibu ni babu yangu, ambaye asubuhi hiyo alimshika mkono mtoto aliyevaa sare iliyonunuliwa kwa pesa za kofia, na viatu vilivyonunuliwa kwa pesa za kofia. Akaulizwa mkewe anafanya kazi gani, akasema hana kazi, yuko nyumbani tu.

Fomu hiyo niliikuta mwaka jana chini ya sanduku la bibi, Ng'ambo, Unguja. Nilikuwa nimevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, ambako nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwenye mkoba nilikuwa na pendekezo la tasnifu la kurasa kumi na mbili. Mada yangu ilikuwa kofia za mkono za Zanzibar, zile nyeupe zinazodariziwa kwa sindano na uzi, zenye viua, yaani vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka vikawa maua. Nilijivunia hasa sentensi ya kwanza. Ilisema kwamba kwa vizazi vingi wanawake wa pwani wamekuwa wakiwashonea kofia wachumba na waume zao kama ishara ya mapenzi.

Nilimsomea bibi sentensi hiyo. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mapenzi?" alisema. "Mwanangu we, mimi nilishona unga. Nilishona sukari. Nilishona mafuta ya taa. Hiyo sentensi yako fumua, uanze tena."

*

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, kofia ya mkono ina vipande viwili: duara la juu na mkanda wa pembeni. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba zilizolazwa pamoja. Kwanza maua yanachorwa kwa penseli. Mchoraji mara nyingi si mshonaji. Mtaani kwa bibi alikuwepo mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuchora tu, na watu walimpelekea kitambaa kama wanavyopeleka mahindi kinuni. Baada ya hapo mistari inapitiwa kwa mishono midogo, karibu karibu, ili tabaka mbili zishikane na kofia ipate kusimama. Kisha ndiyo vinakuja viua. Kitambaa kinatobolewa kwa ncha, nyuzi zinasukumwa kando bila kukatwa, na ukingo wa tundu unazungushiwa uzi, mshono juu ya mshono, mpaka tundu linakuwa gumu kama shanga. Kofia moja ina mamia ya viua. Mwisho vipande viwili vinaunganishwa, kofia inafuliwa kuondoa penseli na jasho la vidole, inatiwa wanga, na inavishwa kitu cha duara ikauke. Bibi alitumia kopo kubwa la maziwa ya unga.

Kofia nzuri ilimchukua wiki tano au sita, kwa sababu hakuwa akishona mchana kutwa. Mchana kulikuwa na maji ya kuteka, chakula cha kupika, watoto wa kuosha. Alishona baada ya adhuhuri, katika saa ambazo wageni wakija wanaona mwanamke amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja amenyoosha, anazungumza. Akipita mtu angesema amepumzika.

Nadhani hapo ndipo neno "hana" lilipotokea. Kazi hii haikuwa na mlio. Cherehani inalia, nyundo inalia, hata kinu kinalia. Sindano ya kofia inaingia na kutoka kimya, na anayeifanya anaweza kukusikiliza shida zako na kukujibu, huku vidole vikihesabu.

*

Wiki mbili za mwanzo nilizipoteza Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Niliomba majalada ya biashara, ya forodha, ya skuli za wasichana. Karafuu utaipata mpaka uchoke: bei yake, magonjwa yake, magunia yake, ugomvi wake. Nguo za kuagizwa pia utazipata, kwa sababu zilipita forodhani na zikalipiwa ushuru. Kofia iliyoshonwa Kikwajuni na kuvaliwa Miembeni haikupita popote penye karani.

Nikarudi kwa bibi nikiwa nimekata tamaa kidogo. Nikamwambia sioni ushahidi. Akaniuliza ushahidi ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Basi anza na kitambaa. Kitambaa si kimetoka mahali?"

Kweli kimetoka mahali. Ukisikiliza majina ya vitu vilivyokuwa kwenye kikapu cha bibi utaona bahari nzima. Kofia ni neno la Kiarabu. Darizi limetoka Kiajemi, kutoka neno lenye maana ya mshono. Bafta, kile kitambaa cheupe laini, nalo ni la Kiajemi, maana yake kilichofumwa, na kitambaa chenyewe kwa miaka mingi kilitoka India. Marekani, kitambaa cha pamba kisichong'arishwa, ni jina la nchi lililogeuka kuwa jina la nguo. Lakini kushona, uzi na kiua ni maneno ya nyumbani, yenye mizizi ya Kibantu. Vitu vilikuja kwa jahazi na meli, na kazi ikafanywa na watu wa hapa kwa lugha yao.

Marekani ina historia inayojulikana vizuri. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta majora ya pamba na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo hiyo ilisafiri mpaka bara, na mahali pengi ilitumika kama fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini, ikauzwa Zanzibar, na huku ikawavika, pamoja na wengine, watumwa wa mashamba ya karafuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861 pamba ikakatika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Jina la marekani lakini lilibaki. Bibi alilitumia bila kufikiria Marekani, kama tusemavyo kanga bila kumfikiria ndege.

Wala hatukuwa watu wa kungoja nguo za wengine tu. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea uzi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyonunua nguo za rangi kutoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nilipomweleza bibi habari ya watu waliofumua nguo ya mgeni ili wafume yao, alitikisa kichwa akasema hao walikuwa mafundi. Kufumua, alisema, ndiyo nusu ya kazi.

*

Swali lililonisumbua zaidi halikuwa la kitambaa. Nilitaka kujua nani alikuwa na haki ya kuvaa kofia.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, anaonyesha kwamba katika Zanzibar ya karne ya 19 nguo ilikuwa inasoma cheo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Mtumwa mwanamume alivaa kipande cha nguo kiunoni, akatembea miguu mitupu na kichwa wazi. Kufunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Kilemba, joho na jambia vilikuwa na watu wake, na kofia nayo ilikuwa na watu wake.

Aprili 1897 Sultani, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Uhuru haukuja wenyewe. Mtu alipaswa kwenda mbele ya maofisa kuuomba, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Lakini waliotoka mashambani na kuhamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, walianza kufanya jambo lililoonekana barabarani kila siku: walivaa. Wanawake walishika kanga, na baadaye buibui. Wanaume walivaa kanzu na kofia.

Hebu fikiria maana yake kwa upande wa sindano. Mji mzima wa vichwa vilivyokuwa wazi unaanza kufunikwa. Kofia ya mkono haitoki kwenye jora. Kila moja inahitaji mtu wa kukaa nayo wiki kadhaa. Kila mwanamume aliyetoka msikitini siku ya Idi kichwa kimefunikwa, akasimama safu moja na watoto wa mabwana wa zamani, alibeba juu ya kichwa chake saa nyingi za mwanamke fulani. Tumeandika mengi kuhusu wanaume hao na heshima waliyoidai. Kuhusu waliowashonea heshima hiyo nilipata kidogo sana.

Nilimwuliza bibi kuhusu upande wetu. Babu wa babu yangu alikuwa nani, na alianza lini kuvaa kofia? Sindano ilikuwa mkononi mwake, si kwa kushona tena bali kwa mazoea. Alikaa kimya kwa muda.

"Huo uzi usiuvute," alisema.

Sikuuvuta. Anayetoka Unguja anajua kwamba kuna maswali ya ukoo ambayo hayaulizwi, na kwamba kutoulizwa kwake nako ni historia. Nimeandika kwenye tasnifu kwamba niliuliza na sikujibiwa.

*

Hata hivyo, hadithi ya mapenzi haikutungwa na vijitabu vya watalii peke yao. Wapo wanawake waliowashonea wachumba wao, na wapo wanaume ambao wanaitunza kofia ya namna hiyo mpaka leo. Wapo pia waliodarizi kwa sababu walikuwa na nafasi ya kudarizi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, anazitaja kazi za mikono za wanawake wa jumba la kifalme katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Huyo ndiye aliyejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa wanawake wa jumba, sindano ilikuwa pambo la siku ndefu.

Kwa mwanamke wa Ng'ambo mambo yalikuwa mengine. Alitakiwa atawe, akae ndani, kwa sababu kukaa ndani ndiko kulikomtenga na wale waliopaswa kufanya kazi juani. Lakini mshahara wa hamali haukutosha kumweka mtu ndani. Kofia iliutatua mtihani huo. Iliingiza pesa nyumbani bila mwenye nyumba kuonekana anatafuta pesa. Mume alibaki mlezi wa familia mbele ya watu, na mke alibaki mwanamke wa utawa, na unga ulinunuliwa.

Gharama yake ilikuwa kwamba mshonaji hakuwahi kusimama mbele ya mnunuzi wake. Kofia ilipokwisha, ilifungwa kwenye karatasi na kupewa mtoto aipeleke dukani. Mama yangu alianza kupeleka akiwa na miaka sita. Anasema alifundishwa maneno matatu tu: bei, "mama amesema haipungui," na "basi nirudishie." La mwisho ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu alijua usiku huo kuna nini na hakuna nini jikoni. Mwenye duka naye alijua. Akiona mtoto amekuja mapema kuliko kawaida, kabla ya mwezi kwisha, alijua nyumbani kuna shida, na bei ikashuka. Siku chache kabla ya Idi, au kuelekea Maulidi ya Mfunguo Sita, wanunuzi walipokuwa wengi, bei ilipanda dukani. Kwa mshonaji haikupanda.

Wanunuzi hawakujua majina ya washonaji, lakini washonaji walijuana. Bibi anaweza kusimama barazani, kofia ikapita kichwani kwa mtu, akasema huu ni mkono wa fulani wa Mwembetanga. Alikuwa akitazama jinsi kiua kilivyofungwa, mahali ambapo uzi wa mwisho unajificha. Kila mtu huuficha kwa njia yake. Ile kofia niliyodhani haina saini ilikuwa na mamia ya saini, ila msomaji wake alikuwa ndani ya nyumba.

*

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, elimu ilitangazwa kuwa bure mwaka huohuo, na hospitali nazo hazikulipiwa. Bibi analisema hilo kwanza kila tunapozungumza habari za miaka ile, kabla hajasema la foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyakula viligawiwa kwa mgao, mchele ukawa wa kuhesabiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nzima ilipokaukiwa na bidhaa, hata kitambaa cheupe kikawa adimu. Washonaji walifumua shuka za zamani na kushonea kofia upande ambao haujachakaa.

Kisha milango ikafunguliwa. Katikati ya miaka ya 1980 bidhaa za nje ziliruhusiwa tena, na pamoja nazo likaja soko jipya: Oman. Familia nyingi za asili ya Zanzibar zilikuwa zimehamia huko baada ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Walikwenda na Kiswahili chao, mapishi yao na kofia zao. Huko kofia ya kudariziwa inaitwa kumma, na leo ni sehemu ya vazi la taifa la Oman. Mgeni anayeiona Muscat huiona kama kitu cha Uarabuni kilicholetwa Zanzibar. Kwa kiasi kikubwa safari ilikuwa ya upande wa pili.

Bibi alipokea maagizo kutoka Muscat kwa miaka kama kumi. Kipimo cha kichwa hakikuja kwa sentimita. Kilikuja kama kipande cha uzi chenye fundo, ndani ya bahasha, kimebebwa na msafiri. Bado anavyo vipande kadhaa kwenye kopo. Ni vichwa vya watu ambao hakuwahi kuwaona, vimepangwa pamoja kama funguo.

Soko hilo nalo lilipungua. Mashine ilijifunza kutengeneza maua, na kofia za kiwandani kutoka Asia zikajaa Darajani na zikajaa Muscat vilevile. Kofia ya mashine inashonwa kwa dakika, inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei, na kwa mbali huwezi kuitofautisha. Sitaki kuilaani. Mjomba wangu anavaa ya mashine, na mimi nilipokuwa mdogo nilimpelekea babu ya mashine kama zawadi ya Idi, nikashangaa kwa nini hakuivaa.

*

Nakuja sasa kwenye kofia ambayo babu aliivaa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani bibi amemshonea babu kofia nyingi. Ukweli ni kwamba hakumshonea hata moja. Kila kofia iliyokwisha iliuzwa. Babu, mume wa mmoja wa mafundi wazuri wa mtaa, siku za kazi alivaa kofia kuukuu ya kununua. Lakini kila Idi, mpaka alipofariki mwaka 2009, alitoa sandukuni kofia moja ya mkono, nzuri sana, na kuivaa kwenda kusali. Bibi ameitunza. Siku niliyoikuta fomu ya skuli, kofia hiyo ilikuwa juu yake, imefungwa kwenye kanga.

Niliipima kama nilivyofundishwa kupima kitu cha kihistoria. Kimo, mzingo, aina ya kitambaa. Nikahesabu maua ya mkandani. Kila ua lina kiua kimoja katikati na sita pembeni. Ua la tisa, ukihesabu kutoka kwenye mshono, lina vitano.

Nikamwonyesha bibi kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alichukua kofia, akalipata ua hilo kwa kidole bila kutazama.

Ilikuwa mwaka 1973, alisema. Kabla ya skuli ya mama yangu palikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, wa miaka miwili. Sikuwahi kumsikia. Alipata surua. Dawa hospitali ilikuwa bure, lakini maziwa hayakuwa bure, na machungwa hayakuwa bure, na daktari alisema mtoto apewe vyote viwili. Kofia ilikuwa imebaki mkanda tu. Bibi alikaa usiku kucha pembeni ya mtoto, kibatari upande mmoja, akishona kwa mkono mmoja na nusu, kwa sababu wa pili ulikuwa unaamka kila mara kumgusa paji la uso. Asubuhi kofia ilikwisha. Ikapelekwa dukani, mwenye duka akaizungusha, akalihesabu lile ua, akasema ina kosa. Akataka kuichukua kwa bei ambayo bibi hataki kuitaja mpaka leo. Aliyetumwa alikuwa mtoto wa jirani, na alikuwa amefundishwa vizuri. Akasema, basi nirudishie.

Mtoto alifariki siku ya pili yake.

Kofia ilikaa miezi. Ingeweza kufumuliwa mkanda na kushonwa upya. Ni kazi ya siku chache. Bibi hakuigusa. Idi ilipofika, babu aliitoa mwenyewe, akaifua, akaitia wanga, akaivisha kopo, akaivaa. Hakusema kitu na bibi hakumwuliza. Aliivaa kwa miaka thelathini na sita.

Mtu huyohuyo, miaka miwili baada ya Idi ile ya kwanza, alisimama mbele ya karani akasema mkewe hana kazi. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na siwezi kumfanya babu kuwa mbaya wala mwema. Nadhani alilinda kitu. Kusema "ni mshonaji" kungekuwa kusema "mshahara wangu hautoshi," mbele ya mtu mwenye kalamu. Alilijibu swali kama desturi ilivyotaka lijibiwe, na jibu la pili akaliweka kichwani, mara mbili kwa mwaka.

*

Msimamizi wangu aliuliza kofia moja inaweza kuthibitisha nini. Ni swali la haki. Haithibitishi bei za mwaka 1973 wala idadi ya wanawake walioshona Ng'ambo. Inathibitisha kwamba kulikuwa na kazi mahali ambapo fomu inasema hapakuwa na kazi. Nimeviweka vyote viwili kwenye sura ya kwanza, fomu na kofia, ukurasa mmoja. Sentensi ya mapenzi nimeifumua.

Bibi alisoma rasimu, au tuseme nilimsomea, kwa sababu macho yake sasa yanaona mwanga na umbo tu. Aliniruhusu kuisimulia habari ya mtoto, kwa sharti moja, kwamba jina lake nisiliandike mahali popote. Kwa jina lake mwenyewe hakuwa na sharti. Alilitamka lote, la kwake, la baba yake, la babu yake, polepole, akasubiri niandike kwenye tasnifu, kisha akaniambia nimsomee tena.

Jioni ananifundisha kushona. Nina miaka ishirini na sita na vidole vya mtu aliyezoea kompyuta. Nilipokuwa mdogo hakutaka nijifunze. Kila nikishika sindano alinipa daftari. Sasa nakaa mbele yake kwenye mkeka, natoboa, nazungusha uzi, nahesabu. Nikimaliza kiua nampa. Anakipitisha chini ya kidole gumba, kinachoona kuliko macho yangu.

"Kimelegea," anasema. "Fumua."

Nafumua.